Kaunti Inayowinda Wageni na Kuwasahau Watu wa Eastlands

Haya wasomaji, leo tunapumzisha mambo ya Linux na hifadhidata. Leo ni siasa kidogo, ila ni siasa ambayo mtengeneza programu yeyote ataielewa.

Magavana wetu, wawe wa chama gani, wana wimbo mmoja: wawekezaji. Njooni wawekezaji! Safari za ng'ambo, kongamano hotelini, picha za kukata utepe. Mimi simpingi mwekezaji. Ninachopinga ni dhana kwamba biashara ya maana ni ile ambayo bado haijafika, na kwamba zile zilizoko Kariobangi, Kamukunji, Umoja na Kayole ni takataka za kuondolewa njiani ili mgeni apite.

Tuanze na sheria. Kodi ya mapato ya kampuni si mali ya kaunti. Kifungu cha 209 cha Katiba ya 2010 kimeiachia serikali ya kitaifa kodi ya mapato, VAT na ushuru wa forodha. Kaunti imepewa kodi ya ardhi na majengo, kodi ya burudani na ada za huduma zake. Basi! Ule msamaha mnono, kwa mfano kodi ya asilimia 10 kwa miaka kumi ya kwanza katika maeneo maalum ya kiuchumi, unatoka Hazina, hautoki City Hall. Gavana akimwahidi mgeni jambo hilo, anagawa nguo ya mwenyewe.

Sasa kaunti ina nini mkononi? Soma Jedwali la Nne la Katiba hiyo hiyo: leseni za biashara, masoko, barabara za kaunti, taka, zimamoto. Iangalie orodha hiyo vizuri. Kampuni kubwa kutoka nje huja na walinzi wake, jenereta yake na wakili wa kufuatilia leseni. Anayezihitaji huduma hizo kufa na kupona ni fundi wa Kariobangi Light Industries anayeunda mashine za kusaga unga na za kukata majani ya ng'ombe. Ni wahunzi wa Kamukunji wanaogonga masanduku ya wanafunzi wa bweni, karai na majiko chini ya jua, ndiyo maana tukawaita jua kali.

Na msidhani hawa hawajui kubuni. Lile jiko la makaa lenye kauri ndani na bati nje, lililoanza mapema miaka ya 1980 na kuenea hadi nchi nyingine za Afrika, lilipitia mikononi mwa wahunzi wa Shauri Moyo. Eastlands hiyo hiyo!

Mwezi Juni 2018 moto wa Gikomba uliua watu 15. Soko hilo limeungua mara nyingi, na kila likiungua mtaji wa watu unageuka majivu usiku mmoja. Zimamoto ni kazi ya nani? Rudi kwenye Jedwali la Nne.

Hapa ndipo nageukia kazi yetu. Ukitengeneza programu, watu elfu wakajiandikisha na nusu yao wakaondoka kabla ya mwaka kwisha, huongezi matangazo. Unatafuta hitilafu! Idadi ya walioingia ni ya kujifurahisha tu. Idadi ya waliobaki ndiyo inayokwambia kama una kitu.

Nairobi inahesabu wanaoingia. Lakini shirika la takwimu la taifa, KNBS, lilipochunguza biashara ndogo nchini mwaka 2016 lilikuta kwamba katika zile zilizofungwa, karibu asilimia 46 zilikufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Uchunguzi huo ulikuta pia biashara milioni 1.56 zenye leseni, na milioni 5.85 zisizo nayo. Mfumo ambao watumiaji wengi hivyo wanapita nje yake una kasoro, na si haki kuwalaumu watumiaji peke yao.

Wanaodhani mgeni mmoja mkubwa ataponya yote watazame Marekani. Mwaka 2017 jimbo la Wisconsin liliahidi kampuni ya Foxconn msamaha wa karibu dola bilioni 3 ili ijenge kiwanda katika kaunti ya Racine na kuajiri watu 13,000. Mwaka 2021 mkataba uliandikwa upya: ajira 1,454. Wakati huo ardhi ilikuwa imeshanunuliwa na wenyeji wengine wameshahamishwa.

Kuna njia nyingine, na ilijaribiwa huko huko. Mji wa Littleton, Colorado, ulipopunguziwa kazi na kiwanda kikubwa miaka ya 1980, uliamua kulea kampuni ndogo zilizokuwepo badala ya kuwinda nyingine. Silaha yao kuu ilikuwa taarifa: maofisa wa mji walizitafutia biashara hizo habari za masoko na za washindani kutoka hifadhidata ambazo zenyewe zisingeweza kuzilipia. Taarifa, jamani! Hiyo si ndiyo kazi yetu?

Nairobi imepiga hatua, nakubali. Kibali kimoja cha biashara cha mwaka 2023, kilichounganisha leseni kadhaa pamoja na cheti cha moto, ni jambo jema. Lakini bado nadai haya:

1. Ada zote ziwekwe kwenye ukurasa mwepesi unaofunguka kwa simu ya bei ndogo. Andika "kinyozi, Umoja", upate jumla yake. Mama mboga asitafsiriwe sheria ya fedha na askari wa kanjo aliyesimama mbele yake.

2. Risiti yoyote iweze kuhakikiwa na mtu yeyote kwa namba yake. Risiti ikihakikika, kitu kidogo kinakosa pa kujificha.

3. Mfumo wa malipo ukibadilishwa, historia ya mlipaji ihame nayo. Tangu eJijiPay ya 2014 hadi NairobiPay tumeshabadilisha zaidi ya mara moja. Fundi aliyelipa miaka kumi mfululizo anastahili ushahidi wa kupeleka benki akiomba mkopo.

4. Kila mwaka, kwa kila wadi kati ya wadi zetu 85, itangazwe namba moja: waliochukua kibali mwaka jana, ni wangapi wamekichukua tena mwaka huu?

Hiyo ya nne ndiyo kubwa. Data yake imo tayari kwenye mfumo wa malipo, na kuitoa ni kazi ya siku moja. Ikionyesha kwamba Dandora wanapungua na Donholm wanabaki, tutajua pa kupeleka barabara, taa na gari la zimamoto.

Najua atatokea wa kusema jua kali hawalipi kodi na wanaziba njia. Wanalipa ada ya soko, na wengine wanalipa hata ile isiyo na risiti. Na kama wanaziba njia, kupanga masoko ni kazi ya kaunti.

Mwekezaji mwenye akili, kabla ya kuleta pesa zake, atawauliza waliopo: mnaishije hapa? Jibu lao ndilo tangazo ambalo hakuna kongamano linaloweza kulifuta.