Ulizeni kwanza, ndipo mpakie

Mwandishi, uliposema juu ya kupanga mzigo wa msaada kwa waliokumbwa na maafa, umegusa penyewe. Tope la Mlima Hanang lilipouzoa mji wa Katesh, Desemba 3, 2023, mimi na wenzangu kazini tulichangishana, tukakodi Fuso na kutoka Arusha kupitia Babati. Kabla ya kupakia tulimpigia simu mwalimu wa huko, akasema nguo zinakuja nyingi, leteni sufuria, ndoo na taulo za kike. Mama mmoja alipokea sufuria, akaipangusa kwa kanga, akauliza kama ina mfuniko. Ndugu mnaosema tutume pesa tu, pesa ni sawa, lakini Katesh hata maduka yalijaa tope. Jamani, ulizeni walioko huko kwanza, ndipo mpakie gari.