Gemu la geto, sebule ya kicheni pati

Vijana wengi wa Dar es Salaam huanza kumiliki mashine ya gemu wakiwa bado geto: chumba kimoja, godoro chini, televisheni juu ya stuli na nyaya zimezagaa sakafuni. Hakuna wa kulalamika. Kisha inakuja ndoa, na ndoa ya mjini huja na sebule iliyokwisha kupangwa na watu wengi. Mashangazi, mashoga wa bibi harusi na wafanyakazi wenzake wamechangia kicheni pati, na kila mmoja ana kauli kuhusu shokesi itaegemea ukuta gani. Katika orodha yote ile ya vyombo, gemu halimo.

Ugomvi mwingi wa PlayStation ndani ya nyumba huanzia hapo. Chombo kimeingia bila kukaribishwa, kikashushwa pale penye nafasi, na kila anayefagia anakikwaa.

Dawa inayopendekezwa mara nyingi ni kulifungia gemu kabatini, au kulirudisha chumbani. Zote mbili ni dawa mbaya. Chumbani mmoja anataka kulala, mwingine yuko dakika ya themanini na tano. Na asiyepata pa kuchezea nyumbani anajua kibanda umiza kilipo, tena anajua kinafungwa saa ngapi. Gemu likae sebuleni, ila liingie kwa vipimo na kwa kauli ya wote wawili. Na fundi seremala wa Keko aonwe kabla ya duka la Kariakoo.

Sebule imewasumbua hata watengenezaji wenyewe. Mwaka 1977 Atari iliivisha mashine yake sura ya mbao, mbao ya kuigiza, ili ifanane na makabati ya nyumba za Wamarekani. Mwaka 1985 Nintendo ilipoipeleka mashine yake Marekani iliibadili kabisa: ile ya Japani ilikuwa nyeupe na nyekundu, hii ikawa kisanduku cha kijivu, kaseti yake ikiingizwa kwa mbele mfano wa deki ya video. Sony ilipotoa PS5 mwaka 2020 ilienda njia nyingine. Ilileta jitu jeupe lenye mabawa, urefu wa sentimita 39 na uzito wa kilo nne na nusu. Mwaka 2023 ikalipunguza kidogo.

Jitu hilo linafika kwenye sebule ya Ilala au Magomeni ambayo tayari ina foleni. Televisheni ilichelewa kuingia Tanzania Bara, vituo vya kwanza vikianza 1994, lakini ilipoingia ilikuja na ukoo. Deki nayo ikawemo. Mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam, tarehe 31 Desemba 2012, kila nyumba ikahitaji king'amuzi. Sabufa nayo ikajipatia nafasi na spika zake. Gemu ni mpangaji wa nne au wa tano kwenye stendi iliyotengenezwa kwa ajili ya wawili.

Kwa hiyo hesabu kwanza. Sony inaelekeza mashine yake iachiwe walau sentimita 10 kutoka ukutani. PS5 ya kwanza ikilazwa inachukua sentimita 39 kwa upana na 26 kwa kina. Ongeza nafasi ya kupumua kila upande, na kwa lugha ya fundi unapata uwazi wa futi mbili upana, futi moja kwenda juu, na kina cha inchi kumi na nane ili plagi zisikunjwe. Stendi nyingi za dukani zenye vioo vya giza hazifiki hapo. Zinapendeza siku ya kwanza, na baada ya hapo ni tanuri.

Joto la jiji hili halina utani. Kikomo kilichowekwa kwa mashine hiyo ni nyuzi 35 za hewa inayoizunguka, na mchana wa Februari Dar es Salaam hugusa 32 au 33 kabla hata ya kuwasha kitu. Ndani ya kabati lililofungwa, nyuzi hizo mbili tatu zilizobaki zinaisha upesi. Fundi aambiwe aache mgongo wa kabati wazi, na mbele, kama bi mkubwa hataki kuliona dude lile, aweke milango ya fito nyembamba badala ya kioo. Mninga unafanya kazi hiyo vizuri kuliko mbao za kubandika, ambazo unyevu wa pwani huzivimbisha. Vitambaa vya kufuma vibaki kwenye makochi. Kitambaa juu ya matundu ya feni ni blanketi. Na mende, wanaopenda joto na giza, wanalijua gemu. Mafundi wa New York waliwahi kueleza jinsi PS4 zinavyoletwa kwao zikiwa zimegeuzwa makazi ya wadudu hao. Kwa hiyo sahani ya chipsi haikai juu ya mashine, hata kama ni fainali.

Kwenye urembo, picha za mitandaoni zinapotosha. Taa za zambarau ukutani, kiti cheusi chenye mgongo wa gari la mashindano, meza ya pembetatu: hayo yalibuniwa kwa ajili ya watu wenye chumba cha ziada. Anayepanga chumba na sebule hana chumba hicho. Kiti kile kikiingia, kochi la mtu mmoja linatoka, na mgeni atakaa wapi? Stuli fupi yenye mfuniko, iliyofunikwa kitambaa kilekile cha makochi, inameza pedi mbili, chaja na hedifoni, kisha inakaliwa. Televisheni ishushwe pia. Wengi huitundika karibu na dari kana kwamba ni ya kituo cha basi, halafu wanalalamikia shingo.

Rangi nayo ni siasa. Tangu 2022 Sony huuza mabamba ya kubadilisha ganda la PS5, na miongoni mwa ya kwanza kulikuwa na jekundu na jeusi. Jeusi linapotea vizuri chini ya televisheni. Jekundu, katika jiji ambalo Simba na Yanga wote wana makao Kariakoo, lijadiliwe kwanza kama mmoja wa wanandoa ni Mwananchi. Na isidhaniwe kwamba kazi ya mke ni kujadili rangi tu. Wapo wake wanaowafunga waume zao mabao matano na kuwadai chai.

Kwenye nyumba za Kiswahili, zile za vyumba viwili viwili vinavyotazamana kwenye korido, sauti huruka juu ya ukuta hadi kwa jirani. Hedifoni hapo ni sehemu ya adabu. Luku nayo haisahau: gemu zito kwenye PS5 hula wati zinazokaribia 200, na kwa saa mbili kila siku hiyo ni uniti 12 kwa mwezi kabla ya televisheni. Kwa nyumba inayojibana isivuke uniti 75 ili ibaki kwenye bei ya chini ya majumbani, uniti 12 zinajadiliwa mezani pamoja na pasi na friji.

Wauzaji nao wana la kufanya. Mnunuzi akiingia dukani Kariakoo ataambiwa ukubwa wa memori, idadi ya pedi na gemu zilizomo ndani. Akiuliza upana, anaoneshwa boksi. Futi ya kupimia inauzwa na machinga aliye mlangoni. Muuzaji angenunua moja na kuandika vipimo vya mashine yenyewe kwenye karatasi ya bei, mnunuzi angeweza kumpigia fundi wake akiwa bado kaunta.