Wino Ukishamwagika

Siku hizi kijana akimwaga wino kwenye lebo, tunaitiwa mkutano na waandishi wa habari. Keki mezani, meneja na miwani ya jua ndani ya ukumbi, kamera zote zimeelekezwa kwenye mkono unaosaini. Mwandishi mmoja atauliza kolabo ya kwanza ni na nani. Sijasikia anayeuliza mkataba unaisha lini.

Nasema waziwazi, na atakayekasirika na akasirike: kilichowafilisi wanamuziki wetu wengi ni saini zao wenyewe. Yule aliyerudufu kaseti za watu Kariakoo alikuwa mwizi, ndiyo, lakini alichukua mauzo tu. Karatasi inachukua wimbo wenyewe.

Muulizeni Solomon Linda. Mwaka 1939, Johannesburg, Mzulu huyu aliingia studio ya Gallo na kundi lake la Evening Birds wakarekodi "Mbube". Baadaye akaikabidhi kampuni hiyo haki za wimbo kwa shilingi 10. Shilingi kumi! Wimbo ukavuka bahari, The Weavers wakauimba Marekani, mwaka 1961 The Tokens wakaufikisha kileleni kwa jina la "The Lion Sleeps Tonight", na mwaka 1994 ukaingia kwenye filamu ya The Lion King. Linda alikuwa ameshafariki tangu 1962, maskini, kaburi lake likakaa miaka bila jiwe. Na mchezo haukuishia hapo: mjane wake, kisha mabinti zake, nao wakapelekewa karatasi, nao wakasaini. Kilichowaokoa ni kifungu cha sheria ya Uingereza ya mwaka 1911, kilichorudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya kifo cha mtunzi. Kwa kifungu hicho warithi wake walifungua kesi dhidi ya Disney, na mwaka 2006 wakafikia suluhu.

Wewe wa Sinza au Mwanza usikitegemee kifungu hicho. Hebu piga hesabu. Kwa sheria yetu ya Tanzania ya mwaka 1999, hakimiliki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Una miaka 20 na unauza moja kwa moja. Mungu akikujalia kufika 70, umeuza miaka 100. Kwa nini? Kwa chumba cha kupanga Mbezi na gari ambalo kadi yake haina jina lako.

Kumbuka pia kwamba wimbo mmoja ni mali mbili. Kuna utunzi, yaani maneno na melodi, na kuna masta, yaani rekodi yenyewe. Ukiimba wimbo wa mwenzio, masta inaweza kuwa yako na utunzi ukabaki wake. Mikataba mingi mibovu huzifunga zote mbili katika sentensi moja ndefu ya Kiingereza, kisha kijana anawekewa mbele saa nane za usiku, amechoka, biti inalia, na "bosi" anasema sisi ni familia. Familia gani inayoogopa wakili?

Kwa hiyo usiuze, kodisha. Wape masta kwa miaka inayohesabika, iandikwe tarehe ya kurudi. Utunzi bakiza. Jina lako la kisanii lisajili wewe Brela, wakala wa usajili wa biashara, kabla hajalisajili meneja, na nywila ya chaneli yako ya YouTube uwe nayo mwenyewe, maana siku ya ugomvi chaneli ndiyo hufungwa kwanza. Na mgao wa prodyuza na wa yule rafiki aliyekutungia kiitikio uandikwe siku ileile ya kurekodi, wimbo ukiwa bado hauna thamani na watu bado wanapendana. Hata ujumbe wa WhatsApp wenye asilimia na majina ni bora kuliko kumbukumbu ya mtu aliyekwisha kuona hela.

Watasema wamewekeza: wamelipia video, nguo, tiketi, redio. Sawa, na mtaji urudi, tena na faida yake. Lakini uko wapi ule mkataba unaosema gharama zote zikatwe kwanza, na palepale ukampa msanii haki ya kukagua daftari? Bila daftari, deni halina mwisho. Mwaka 2019 mwanamuziki Harmonize alipoondoka lebo ya WCB alisema hadharani kwamba kutoka kunamgharimu Sh500 milioni na kwamba ameuza nyumba ili alipe. Yeye alikuwa na nyumba za kuuza. Wewe hata kitanda ni cha lebo.

Siwapaki mafuta wasanii pia. Kuna anayemlipa mpiga picha wa siku ya kusaini na kushindwa kumlipa wakili kwa saa moja. Kuna anayeona aibu kuomba nakala ya Kiswahili, eti ataonekana hajasoma. Omba! Kaa nayo wiki nzima, msomee mama, msomee mjomba anayejua biashara. Lebo ikikuambia nafasi itapita kesho asubuhi, tafuta ukurasa wenye kipengele cha kuvunja mkataba, uone kiasi kilichoandikwa pale, na uulize kama kuna kiasi chochote wanacholipa wao wakikutelekeza.