Lugha ikifukuzwa darasani, mila itaimbwa na nani?

Majuzi niliandika maneno matatu ubaoni mbele ya wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza: salamat, hukom na mesa. Nikawauliza ni ya lugha gani. Wengi walijibu, bila kusita, kwamba ni Kiswahili kilichokosewa tahajia. Nilipowaarifu kuwa ni maneno ya Kitagalogi cha Ufilipino, yenye maana ya "asante", "hakimu" na "meza", walistaajabu. Hakuna muujiza hapo. Mawili ya kwanza yana asili ya Kiarabu, nayo yaliwafikia Wafilipino kupitia Kimalei. La tatu waliletewa na Wahispania, kama vile sisi tulivyoletewa letu na Wareno.

Kufanana kwetu na Wafilipino hakuishii kwenye msamiati. Wao nao ni taifa la makabila mengi lililorithi lugha ya mkoloni, kisha likatafuta lugha moja ya kuliunganisha. Ndiyo maana nawasihi walimu na wanafunzi tulichambue jambo lililotukia huko mwaka 2024, kwani linatuhusu kuliko tunavyodhani.

Ufilipino ina visiwa zaidi ya 7,600, na sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu wapatao milioni 109. Lugha zao zazidi 170. Wako Watagalogi, Wasebuano na Wailokano, ambao ni mamilioni. Wako Wamaranao na Watausugi, Waislamu wa kusini. Na wako watu wa milimani na misituni, kama vile Waifugao na Wakalinga wa Luzon, Watiboli wa Mindanao na Wahanunuo wa Mindoro. Katiba ya mwaka 1987 inazitambua lugha mbili rasmi: Kifilipino, ambacho msingi wake ni Kitagalogi, na Kiingereza, kilichoingia madarasani chini ya utawala wa Wamarekani tangu mwaka 1901.

Mnamo 2009, Wizara ya Elimu ya nchi hiyo iliagiza kuwa mtoto afundishwe kwa lugha ya mama katika miaka yake ya kwanza shuleni, na mwaka 2013 agizo hilo likatiwa nguvu na sheria. Wataalamu wa lugha tulishangilia kote duniani. Lakini tarehe 10 Oktoba 2024, Sheria nambari 12027 ilianza kuwa sheria bila hata sahihi ya Rais Ferdinand Marcos Jr., nayo ikaufuta ulazima huo. Kifilipino na Kiingereza vikarejeshwa kuwa lugha za kufundishia tangu chekechea, na lugha za maeneo zikabaki kuwa wasaidizi tu.

Haki ituongoze: waliofuta sera hiyo hawakukosa hoja. Utafiti wa taasisi ya serikali uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa shule zilizotimiza matayarisho yote manne, yaani kuandika vitabu na kuweka kumbukumbu za tahajia, sarufi na kamusi, hazikufika asilimia 10 ya zilizochunguzwa. Mijini, watoto wa lugha tano waliketi dawati moja. Pengine mwalimu mwenyewe hakuijua lugha aliyotakiwa kuifundishia. Wazazi nao, wakiona jinsi Kiingereza kinavyowapatia jamaa zao kazi ng'ambo, waliuliza: lugha ya kijijini itamlisha nani?

Hata hivyo, tuyatazame masharti ya sheria yenyewe. Inaruhusu lugha ya mama itumike kwa hiari katika darasa ambalo watoto wote wanazungumza lugha moja, mradi lugha hiyo iwe na tahajia rasmi, msamiati uliohifadhiwa, vitabu vya fasihi, kitabu cha sarufi na walimu waliofunzwa. Lugha ndogo itavipata wapi vyote hivyo kama haikuwahi kupewa nafasi shuleni? Huku ni kumnyima mtu jembe, kisha kumuuliza mbona hana shamba.

Chukua mfano wa Waifugao. Matuta yao ya mpunga, yaliyochongwa kwenye milima mithili ya ngazi, yalitangazwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 1995. Mwaka 2001 shirika hilo hilo likaitukuza hudhud, masimulizi yao yanayoimbwa wakati wa kupanda na kuvuna mpunga, na katika matanga. Waimbaji wakuu ni wanawake, aghalabu wazee. Ajabu ni kwamba katika lugha 19 ambazo wizara iliziteua kwa sera ya lugha ya mama, Kiifugao hakikuwamo! Dunia iliupigia makofi wimbo ambao lugha yake haikupata nafasi katika orodha hiyo.

Wahanunuo nao wana hati yao wenyewe, ambayo huichonga kwa kisu juu ya mianzi pamoja na mashairi yao yaitwayo ambahan. Hati za ukoo huo zilikuwako visiwani kabla ya Mhispania kutia nanga. Atakayewaambia kuwa lugha yao haina maandishi atakuwa anawasingizia.

Upande wa pili, tazama mila zinazoonekana kwa macho. Bibi Whang-Od wa Kalinga, mchoraji wa ngozi kwa mwiba na masizi, alipamba jalada la jarida la Vogue la Ufilipino mwaka 2023 akiwa na umri wa miaka 106. Watalii humiminika kijijini kwake. Sina kinyongo, bibi huyo anastahili heshima zote. Ila najiuliza: mila inayotazamwa na kupigwa picha ina wateja tele, na inayosikilizwa je? Mtalii haihitaji lugha ya Kikalinga ili achorwe mkono, lakini mjukuu wa Kiifugao hawezi kuipokea hudhud bila Kiifugao.

Sisi hapa Kenya tusicheke. Tume ya Gachathi ilipendekeza tangu mwaka 1976 kuwa lugha ya eneo la shule itumike katika madarasa ya chini, na mtaala wa umilisi ukakariri wazo hilo. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 7, inaiagiza serikali ikuze na kulinda lugha za wenyeji. Lakini mimi mwenyewe nilivishwa kibao shingoni shuleni kwa kosa la kuzungumza lugha ya mama yangu, na wanafunzi wangu wananieleza kuwa nao yaliwafika. Kisha watoto hao hao hupangwa mstari siku ya tamasha, wakavikwa ngozi na shanga, wakacheza ngoma ambayo maneno yake hawayaelewi.

Wafilipino angalau walijaribu, wakaacha hadharani, kwa sheria inayoweza kusomwa na kupingwa. Sisi tumeiacha sera yetu ndani ya kabati na kujisifu kuwa tunayo. Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Mwalimu, kesho ukiingia darasani, waulize wanafunzi wako maana ya maneno ya wimbo watakaoimba kwenye tamasha lijalo. Jibu lao litakueleza kama wanaiishi mila hiyo au wameivaa tu.