WIMBO WA SHULE SI PAMBO LA MGENI

Kila mwaka unapofika msimu wa mahafali ya shule za msingi, wananchi huona jambo lile lile karibu katika kila kata. Watoto hupangwa mistari tangu asubuhi. Mgeni rasmi huchelewa. Anapofika, watoto huimba, hupiga ngoma na kucheza, na wazazi hutoka mbele kuwatuza. Kisha husomwa risala. Humo hutajwa idadi ya madawati, upungufu wa nyumba za waalimu, matundu ya vyoo, na wangapi walifaulu mtihani uliopita. Wimbo uliowatoa wazazi machozi hautajwi. Aliyeutunga hatajwi. Mtoto aliyeuongoza hatajwi. Jua likizama wimbo umekwisha, kana kwamba haukuwa kazi ya mtu.

Sisi twasema wazi kwamba hilo ni kosa, tena si kosa dogo. Twataka wimbo na ngoma ya shule ya msingi viingie katika hesabu ya shule. Yaani vifundishwe kwa saa yake, vipimwe kwa haki, viandikwe katika kumbukumbu, na visomwe mbele ya wazazi pamoja na habari za mtihani.

KAZI YA MWALIMU MMOJA

Wapo watakaocheka na kusema, nyimbo za watoto zina uzito gani hata ziandikwe? Hao tutawajibu kwa wimbo ambao wao wenyewe husimama wima kila unapopigwa.

Mwaka 1897 mwalimu mmoja Mwafrika aitwaye Enoch Sontonga, aliyekuwa akifundisha katika shule ya misheni karibu na Johannesburg, Afrika ya Kusini, alitunga wimbo. Mwalimu huyo alikuwa pia kiongozi wa kwaya, na nyimbo zake alizitunga ili wanafunzi wake waziimbe. Hakuwa na redio, wala hakuwa na tajiri wa kumtangaza. Alikuwa na darasa na sauti za watoto. Tarehe 8 Januari 1912 wimbo huo uliimbwa Bloemfontein, siku kilipoundwa chama ambacho baadaye kiliitwa African National Congress. Kutoka hapo ukavuka mipaka ya nchi moja hadi nyingine. Tulipopata Uhuru mwaka 1961, sauti ya wimbo huo ndiyo tuliyoichukua, tukaitilia maneno ya Kiswahili, ukawa wimbo wa taifa letu. Zambia nao waliichukua sauti hiyo hiyo. Na Afrika ya Kusini, ubaguzi wa rangi ulipoanguka mwaka 1994, nayo ikauingiza wimbo wa mwalimu wake katika wimbo wake wa taifa.

Basi, ndugu msomaji, ukisikia mtu anadharau kwaya ya shule, mwambie kwamba wimbo wa taifa la Tanzania ulianzia kwa mwalimu wa kwaya ya shule.

Lakini habari hii ina upande wa pili, nao ni wa huzuni. Mwalimu Sontonga alifariki mwaka 1905, angali kijana. Miaka ikapita. Watu wakauimba wimbo wake viwanjani, makanisani na magerezani, na kaburi lake lisijulikane lilipo. Ilibidi watu walitafute kwa muda mrefu, hata tarehe 24 Septemba 1996 Rais Nelson Mandela akasimama mahali hapo, Johannesburg, na mahali hapo pakatangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa. Ilikuwa imepita miaka 91. Haya ndiyo hupata mtu ambaye kazi yake hupendwa na wote lakini haikuandikwa na yeyote.

Ni nani ajuaye ni wimbo gani unaotungwa leo katika shule ya kijiji, ukaimbwa mara moja mbele ya mgeni, ukapotea?

SWALI LA MWAKA 1962

Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya nchi kuwa Jamhuri, Mwalimu Julius Nyerere alilihutubia Bunge na kutangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Alikumbusha kwamba Waafrika walipokuwa shuleni walifundishwa nyimbo za Wazungu, akauliza ni wangapi waliofundishwa nyimbo za Wanyamwezi au za Wahehe. Akauliza tena ni wangapi waliojua kucheza rumba na chachacha, lakini Gombe Sugu, Mangala na Lele Mama hawakuzijua, au hata hawakuzisikia. Aliyeuliza alijua alisemalo, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa amefundisha Tabora na Pugu kabla ya kuiacha kazi ya ualimu mwaka 1955.

Miaka zaidi ya 60 imepita tangu swali hilo liulizwe. Mkoloni alikwisha kwenda zake. Waalimu ni wetu, wakaguzi ni wetu, na vitabu twavitunga wenyewe. Je, swali tumelijibu? Pengine kidogo. Lakini bado wako watoto wanaokaa hatua chache kutoka kwa mzee ajuaye ngoma ya kwao tangu mwanzo hata mwisho, nao huletwa uwanjani kucheza wimbo wa matangazo ya biashara uliotoka katika simu ya mwalimu. Mzee huyo hukaa nyuma ya umati akitazama. Hakuna aliyemwita. Siku akifa, shule itafunga saa mbili kwa ajili ya maziko, na ngoma yake itazikwa pamoja naye.

Tazameni mfano wa Ugogo. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alitoka Dodoma, akalipeleka zeze na marimba ya vidole ya Kigogo hata Ulaya na Marekani. Huko watu walilipa fedha ili wamsikilize. Kitu ambacho wageni hulipia kiingilio, sisi twaona haya kukipa saa moja ya ratiba kwa wiki. Hiyo ndiyo kasumba yenyewe, nayo haikuondoka na meli ya mkoloni.

WATUPINGAO NA MAJIBU YETU

Twajua kwamba tunapingwa kwa hoja tatu, na si haki kuzipita kimya.

Kwanza husemwa kwamba mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hauulizi kuimba. Mwalimu mkuu huulizwa na wakubwa wake wamefaulu wangapi, haulizwi wameimba vipi. Hoja hii ina nguvu, nasi hatuwalaumu waalimu kwa kuogopa. Lakini tujiulize, mtoto anapojifunza wimbo anajifunza nini? Hujifunza kutamka neno likasikika. Hujifunza kukariri na kuelewa alichokariri. Apigaye ngoma huhesabu, tena akikosea hesabu kosa husikika pale pale. Aimbaye sauti ya pili hujifunza kumsikiliza mwenzake bila kumfuata ovyo. Na yuko mtoto ambaye kila Jumatatu huitwa mjinga kwa sababu ya hesabu za sehemu. Siku atakapopewa fimbo ya kuongoza kwaya, wenzake 40 wakaanza kwa ishara ya mkono wake na kunyamaza kwa ishara ya mkono wake, mtoto huyo atakuwa na sababu ya kuja shule kesho. Somo gani jingine laweza kufanya hivyo kwa bei hiyo?

Hoja ya pili hutoka kwa baadhi ya wazazi. Husema muziki ni uhuni. Ndugu zetu, twaielewa hofu yenu. Lakini mtoto hawezi kuzuiwa asisikie muziki. Asipofundishwa wimbo na mwalimu wake, atafundishwa na baa iliyo karibu na shule, na huko hakuna mwalimu wa kumwambia lipi ni neno la adabu na lipi si la adabu. Mwogopao uhuni yawapasa ninyi kuwa wa kwanza kutaka muziki ufundishwe shuleni.

Hoja ya tatu ni umaskini. Wakati wa Uhuru watoto waliokuwa katika shule za msingi hawakufika nusu milioni. Leo wamezidi milioni 10. Ada ya shule za msingi ilipofutwa mwaka 2001 milango ilifunguliwa, na watoto wakaingia kwa wingi. Hilo ni jambo la fahari. Lakini madarasa yalijaa, na mwalimu mmoja akajikuta mbele ya watoto 80 au 100. Mtu aliye katika hali hiyo ukimwambia aanzishe bendi ya shule atakuona unamdhihaki. Nasi hatuombi tarumbeta wala kinanda. Ngoma huwambwa hapa hapa. Kayamba hutengenezwa kwa matete. Marimba, filimbi na zeze vyote vyajulikana vijijini mwetu. Kilichopungua ni ratiba, na heshima kwa wale wajuao. Tena mzee akiitwa kufundisha, apewe chochote kwa jasho lake. Asichukuliwe bure.

MTOTO SI KIPAZA SAUTI

Sasa tuseme na jambo ambalo wengi hulinong'ona. Ziko shule ambako kuimba kupo tele, lakini si kwa faida ya mtoto. Ikisikika kwamba mkubwa atapita, masomo husimama, watoto wakashinda juani wiki nzima wakifanya mazoezi ya wimbo wa kumsifu. Wimbo wenyewe ni ule ule ulioimbwa mwaka jana. Kilichobadilishwa ni jina tu. Mkubwa wa jana akiondolewa kazini, jina lake hufutwa kwa mkono wa kushoto na la mpya likaandikwa kwa mkono wa kulia.

Huko si kufundisha muziki. Mtoto si kipaza sauti cha mkubwa. Akizoea tangu utotoni kwamba kuimba ni kumsifu aliye mbele yake, atakua akijua kwamba na kusema ni hivyo hivyo. Nchi iliyojikomboa haihitaji raia wa namna hiyo. Twawaomba viongozi wenyewe, wale wenye busara, wawe wa kwanza kukataa. Mgeni rasmi akifika shuleni na aseme: "Niimbieni mlichojifunza, msiniimbie mimi." Watoto watamkumbuka kwa neno hilo kuliko kwa mifuko ya saruji.

MASHINDANO YAWE SHULE

Tunayo mashindano ya UMITASHUMTA, ambayo huanza shuleni, yakapanda kata, wilaya na mkoa hata taifa. Humo, pamoja na mpira na riadha, zimo kwaya na ngoma. Twayasifu. Lakini kazi ya mwamuzi isiishie kutaja wa kwanza na wa pili. Jirani zetu wa Kenya wana tamasha la muziki lililoanza mwaka 1927, na waamuzi wao huwaeleza waimbaji wapi walifanya vyema na wapi walikosea. Mtoto aliyeshindwa akiambiwa sababu, amefundishwa. Asipoambiwa, amefedheheshwa tu, na mwakani atarudi na kosa lile lile.

Kadhalika washindi waandikwe. Mtoto akifunga mabao jina lake huenea wilaya nzima. Basi na aliyetunga shairi la kwaya, na aliyepiga ngoma kubwa, majina yao yabandikwe katika ubao wa matangazo wa shule.

TUNALOTAKA

Mtaala mpya ulioanza kufundishwa Januari 2024 umeiweka sanaa na michezo miongoni mwa masomo ya shule ya msingi. Mlango basi umefunguliwa. Lakini somo lililo katika karatasi bila mwalimu ni sawa na zeze bila uzi. Serikali haina budi kuwapatia shule waalimu waliosomea kazi hii. Bagamoyo kuna chuo cha sanaa tangu mwaka 1981, na Butimba kule Mwanza ni chuo cha ualimu kinachojulikana kwa muziki. Wahitimu wao waonekane katika shule za vijijini pia, si mijini peke yake.

Waalimu wakuu twawaomba saa ya sanaa iliyo katika ratiba isiliwe na somo jingine kila mtihani unapokaribia. Tena kila shule iwe na daftari moja la nyimbo, ambamo yataandikwa maneno ya wimbo, jina la mtungaji, mwaka, na waliouimba. Daftari si ghali. Baada ya miaka 20 litakuwa hazina ya kijiji.

Kamati za shule twaziomba kwamba risala ijayo, baada ya madawati na vyoo, iseme pia: mwaka huu tumejifunza ngoma hii kutoka kwa mzee fulani, tumetunga nyimbo hizi, na walioziongoza ni watoto hawa. Kisha watoto hao wasimame, wazazi wawaone.

Nanyi wazazi, msingoje mahafali. Mwulizeni mtoto jioni, leo umeimba nini? Akinyamaza, nendeni shuleni mkaulize kwa adabu kwa nini.

Wazee wetu walinena kwamba mcheza kwao hutuzwa. Watoto wetu wanacheza kwao. Noti ya mwananchi inayobandikwa katika paji la uso la mtoto ni tuzo njema, lakini kesho imekwisha kununua sukari. Tuzo itakayodumu ni mwalimu aliyesomea kazi, saa isiyoporwa, na jina lililoandikwa. Hilo ndilo deni letu kwao, na risala za mwaka huu ndizo zitakazotuonyesha ni shule zipi zimeanza kulilipa.