Mwiba Unaoruka

Juma lililopita mwanafunzi mmoja alitujia na sanduku la kiberiti, akalifungua mezani petu taratibu kama mtu achukuaye yai. Ndani yake mlikuwamo miiba mitatu midogo, rangi ya gome la mti. Tukamwuliza: «Miiba hii ya nini?» Hakujibu neno. Aliugusa mmoja kwa ncha ya unyasi, nao ukaruka, ukapotea nyuma ya vitabu. Hata leo hatujauona tena.

Kumbe ni wadudu. Kijana aliwaona alipokuwa akikata fito njiani: alitaka kuondoa miiba ya kitawi, na miiba ikamkimbia. Naye alitaka kujua jambo moja tu: «Mdudu huyu ni wa ukoo gani?» Sisi tuliona pembe mbili na mkia mrefu wa mgongoni, tukamjibu kwa haraka kwamba bila shaka ni mbawakawa mdogo, ndugu wa wale wakubwa wenye pembe wanaokuja usiku penye taa. Jibu letu lilikuwa baya. Wasomaji wetu watuwie radhi tukilisahihisha hapa mbele ya wote, kwa maana kijana huyo amekwisha kulirudia kwa wenzake.

Yatupasa kuanza na kinywa, si pembe. Mbawakawa ana taya, naye hutafuna. Mdudu wetu hana taya za kutafuna. Tulipomgeuza chali na kumtazama kwa kioo cha kukuzia, tuliona mrija mwembamba uliolazwa chini ya kichwa, kuelekea nyuma, katikati ya miguu. Kwa mrija huo hutoboa kitawi na kunyonya maji ya mti. Basi, huyu yuko katika jamii kubwa ya wadudu wanyonyao, pamoja na nyenje anayelia juani, na vidukari wa maharagwe, na hata kunguni wa kitandani, ingawa huyo wa mwisho hatupendi kumtaja mezani. Wataalamu huiita jamii hiyo Hemiptera.

Mtu asidhani kwamba haya ni maneno ya shuleni tu. Iko dawa ya shamba ambayo haiui mpaka imezwe pamoja na jani. Dawa hiyo humwua kiwavi, kwa sababu kiwavi hula jani. Mnyonyaji hupitisha sindano yake chini ya dawa, akaendelea kunywa, na mkulima amepoteza fedha yake bure. Ajuaye ukoo wa mdudu ajua kinywa chake, naye hatanunua dawa isiyofaa.

Ushahidi wa pili ni watoto. Mbawakawa huzaliwa funza, kisha hulala kama bubu, kisha hutoka mwenye mabawa. Mtoto wa mdudu wetu hana siku za kulala namna hiyo. Tangu kutoka yaini ana miguu sita na mrija wa kunyonyea. Hujivua ngozi mara tano, na katika mara ya mwisho hutoka na mabawa na pembe zake kamili.

Ukoo wake wenyewe huitwa Membracidae. Kwa Kiswahili hatujui jina moja lililoenea kila mahali. Katika makala hii tutamwita mdudu-mwiba. Linnaeus wa Uswidi, katika kitabu chake cha mwaka 1758, alimweka mmoja wao wa Ulaya pamoja na nyenje, wala hakukosa sana. Mwaka 1775 Fabricius alitoa jina Membracis, na mwaka 1815 Rafinesque akaufanya kuwa ukoo wa peke yake. Leo wamekwisha kupewa majina zaidi ya aina 3,000. Walio wengi wako Amerika ya joto, na huko maumbo yao yashangaza kweli: mmoja abeba mipira juu ya kichwa, mwingine ana umbo la mwezi mwandamo, mwingine mgongo wake wafanana na sisimizi mzima. Afrika tunao wa mlango mmoja tu, uitwao Centrotinae. Wale waitwao Oxyrhachis, wanaopatikana mara nyingi katika migunga, walihesabiwa zamani kuwa mlango mbali. Hivyo ndivyo Capener alivyowaandika huko Pretoria mwaka 1962. Lakini mwaka 2004 Wallace na Deitz, Wamarekani wawili, walilinganisha alama nyingi za mwili, wakawarudisha ndani ya Centrotinae.

Sasa tuzirudie zile pembe zilizotudanganya, maana hazikutudanganya sisi peke yetu.

Kifua cha kila mdudu kina pingili tatu. Kwa wadudu wenye mabawa, jozi moja hutoka katika pingili ya pili, na jozi nyingine katika ya tatu. Ile ya kwanza, iliyo jirani na kichwa, haina bawa. Pembe ya mdudu-mwiba hutoka hapo hapo penye pingili ya kwanza, ikafunika mgongo kama kofia kubwa. Ni kitu gani basi? Mwaka 2011 wataalamu wa Ufaransa, Prud'homme na wenzake, waliandika katika gazeti la Nature kwamba kofia hiyo ni kiungo chenye asili moja na mabawa, yaani kana kwamba jozi ya tatu ya mabawa imerudi kwa umbo jingine. Habari hiyo ilienea duniani pote. Kama ingalikuwa kweli, mdudu mdogo huyu angalikuwa wa pekee kati ya wadudu wote walio hai. Lakini mwaka 2012 Yoshizawa wa Japani aliwapasua wadudu na kutazama maungo na misuli, na Mikó na wenzake wakafanya vivyo hivyo. Wakaona kwamba kofia si kiungo kilichoungwa mgongoni, bali ni mgongo wenyewe uliokua na kurefuka. Tena mwaka 2019 wengine huko Marekani walipima kazi ya jeni, wakaona kwamba katika kuikuza kofia mwili hutumia jeni nyingi zile zile zitumikazo kukuza mabawa. Basi ni mgongo, lakini umeazima vyombo vya kujengea bawa. Kwetu sisi jibu hilo lapendeza kuliko lile la kwanza.

Kwa upande wa udugu, DNA imeleta neno jingine. Wako vidudu wembamba warukao penye majani ya mahindi. Baadhi yao, waitwao Cicadulina, huambukiza ugonjwa wa michirizi unaofanya jani kuwa na mistari myeupe na kudumaza shina. Ukoo wao, Cicadellidae, ulihesabiwa kuwa jirani wa mdudu-mwiba. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2017 na Dietrich na wenzake waonyesha kwamba wadudu-mwiba wametoka ndani ya ukoo ule ule: si majirani, ni watoto wa nyumba hiyo waliojenga vibanda uani. Hata hivyo yule wa mtini si huyu wa mahindi, na mtu asimlaumu mmoja kwa kosa la mwingine.

Wadudu wengi wa Kongo wamehifadhiwa Tervuren, karibu na Bruxelles. Wengine walikusanywa na de Witte katika mbuga iitwayo leo Virunga, miaka ya 1933 hadi 1935, na katika Upemba, 1946 hadi 1949. Kila mdudu hukaa juu ya pini na kikaratasi chake: mahali, siku, jina la aliyemkamata. Lakini katika makusanyo ya zamani mara nyingi jina la mti halikuandikwa. Hasara hiyo ni kubwa, kwa maana mnyonyaji akitengwa na mti wake amepoteza nusu ya habari yake. Tena yafaa kuandika kama sisimizi walikuwapo. Wadudu-mwiba wengi hutoa maji matamu, sisimizi huyanywa, nao kwa malipo huwafukuza adui. Mara nyingi msafara wa sisimizi ndio unaomwonyesha mtu mahali walipo.

Wadudu wawili waliobaki tumewatia katika chupa yenye alkoholi. Tumeandika mahali, na siku, na kwamba walikuwa watatu. Penye jina la mti tumeacha nafasi, maana kijana alikuwa akitazama miiba tu, wala hakuangalia majani. Ameahidi kupita njia ile ile Jumamosi na kutuletea kitawi kizima, pamoja na jani na ua likipatikana. Nasi tumemwomba awaeleze wenzake kwamba si mbawakawa.