Gesi ya Kivu: Kwa nini ramani ilitangulie bomba?

Mjini Kigali, gesi ya kupikia bado hufika nyumbani ndani ya mtungi. Mkazi wa Biryogo au Kimironko huununua dukani, na mtungi ukivuja anaweza kuutoa nje. Bomba lililofukiwa barabarani halitoi nafasi hiyo. Usalama wake hutegemea kwa kiasi kikubwa kile kilichoandikwa kulihusu.

Swali hilo linaanza kuikaribia Rwanda. Methani ya Ziwa Kivu tayari inazalisha umeme: mtambo wa KivuWatt, wenye megawati 26, ulizinduliwa Karongi mwaka 2016. Mwaka 2019 serikali ilitia saini makubaliano na kampuni ya Gasmeth Energy ya kuvuna gesi hiyo, kuisafisha na kuishindilia. Katika nchi jirani ya Tanzania, bomba la kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam lilizinduliwa mwaka 2015, na baadhi ya nyumba za jiji hilo hupikia gesi ya bomba.

Matabaka ya ramani

Mashirika mengi ya gesi duniani huhifadhi kumbukumbu za mitandao yao katika programu za ramani. Ramani hizo hupangwa kwa matabaka: moja la mabomba makuu, jingine la mabomba yanayoingia majumbani, mengine ya vali na mita. Nyuma ya kila mstari kuna jedwali linaloeleza bomba ni la chuma au la plastiki, lina kipenyo gani, lilifukiwa mwaka gani na linahimili mgandamizo kiasi gani.

Programu huja na matabaka yaliyokwisha kupangwa na watengenezaji wake. Shirika linaloinunua ndilo huamua lipi lifutwe na lipi liongezwe. Uamuzi huo unaweza kudhaniwa kuwa wa fundi wa kompyuta peke yake, lakini athari zake humfikia kila anayeishi juu ya bomba.

Funzo la San Bruno

Tarehe 9 Septemba 2010, bomba la gesi lililipuka katika mji wa San Bruno, California, nchini Marekani. Watu 8 walifariki na nyumba 38 ziliteketea. Wachunguzi walibaini kwamba kumbukumbu za kampuni ya PG&E zilionyesha sehemu hiyo ya bomba, iliyofukiwa mwaka 1956, kuwa haina mshono wa kuchomelewa. Kwa hakika ilikuwa nao, tena wenye kasoro, na hapo ndipo lilipopasuka.

Ramani ilikuwapo, na nafasi ya kuandika aina ya bomba ilikuwa imejazwa. Kilichokosekana ni uhakika wa taarifa yenyewe. Kwa hiyo tabaka lililopangwa vyema halina budi kueleza pia nani alipima, lini, na kama alilitazama bomba au alinakili karatasi. Liruhusu vilevile neno "haijulikani", kwa kuwa pengo lililo wazi humwonya fundi, ilhali jibu la kubuni humlaghai.

Nafasi ya Rwanda

Kigali haina mtandao wa zamani wa kukisia. Aidha, kati ya mwaka 2009 na 2013 Rwanda ilisajili zaidi ya viwanja milioni 10, kila kimoja kikiwa na namba yake. Jedwali la bomba likibeba namba hiyo, itakuwa rahisi kujua ni nyumba zipi zihamishwe gesi inapovuja. Na kwa kuwa mvua humomonyoa udongo wa vilima, kina cha bomba kiandikwe pamoja na tarehe ya kukipima, kisha kipimwe tena.

Kazi hiyo ina gharama, na kampuni inayoharakisha ujenzi inaweza kuiahirisha. Ndiyo maana haifai kuachiwa hiari. Mamlaka ya udhibiti, RURA, inaweza kuifanya kuwa sharti la leseni: bomba lipimwe na kuandikwa mtaro ukiwa bado wazi. Mtaro ukishafukiwa, anayefuata kujua bomba lilipo huenda akawa mwenye sururu.